Jua Likizeeka Huzidi Kuwaka

Huku Uingereza, saa kumi jioni taa za barabarani zimeshawashwa. Safu ya mwezi uliopita kuhusu vitamini D imeniletea ujumbe mwingi, na mmoja haukuhusu vidonge hata kidogo. Dada mmoja aliyeko Muscat amenitumia ujumbe wa sauti. Binti yake wa miaka minane alitazama video inayosema kwamba jua litakufa, na tangu siku hiyo halali vizuri. Hajiogopei yeye mwenyewe. Anamwogopea bibi yake aliyeko Tanga: jua likizimika, bibi atapikaje gizani, na nani atamshika mkono kwenda chooni? Baba yake amemwambia, "Hayo ni ya miaka mingi sana ijayo, lala." Mtoto hajalala. Mama anauliza: "Dada nesi, wewe ungemwambia nini?"

Nimemwomba ruhusa nijibu hapa, kwa sababu nyumba zetu nyingi zina mtoto wa namna hii. Watoto wetu wanakua mbali na babu na bibi zao. Wakisikia kitu kikubwa kinakwisha, mawazo yanakimbilia kwa mtu wanayempenda ambaye hawawezi kumfikia kwa miguu.

Kwanza, mtoto anauliza nini hasa?

Wodini tunafundishwa kwamba mtoto akiuliza kuhusu kifo, tusikimbilie kujibu. Tumuulize kwanza yeye anadhani kitatokea nini. Mtoto anayeuliza kama daktari atamkata, mara nyingi anataka kujua kama mama atakuwepo akizinduka. Tukianza kumweleza habari za upasuaji, tutakuwa tumejibu swali ambalo hakuuliza.

Huyu binti ana maswali mawili. La kwanza: bibi yuko salama? Hilo lijibiwe mapema na bila kuzungukazunguka. Ndiyo, yuko salama. Jua halitazimika katika maisha ya bibi, wala yako, wala ya wajukuu wa wajukuu wako. Kisha kesho asubuhi mpigieni bibi simu ya video, aielekeze simu yake uani ili mtoto alione jua la Tanga kwa macho yake.

Swali la pili ni la jua lenyewe: litafanya nini? Hapo ndipo wazazi wengi tunakwama, kwa sababu na sisi tuna picha isiyo sahihi kichwani. Tunadhani jua litafifia polepole kama taa ya chemli inayoishiwa mafuta, hadi giza liingie. Ukweli ni kinyume chake. Nyota ya aina ya jua, kadiri inavyopungukiwa na hidrojeni katika kiini chake, ndivyo inavyozidi kung'aa.

Jiko la mkaa na jua

Tunalijua jiko la mkaa. Mkaa ukielekea kwisha unakuwa majivu, joto linapungua, na mpishi anaongeza mkaa au anaipua sufuria. Jua haliungui hivyo. Halihitaji hewa na halitoi moshi. Ndani kabisa, katika kiini chenye joto la nyuzi milioni 15 hivi za Selsiasi, viini vya atomu za hidrojeni vinabanwa kwa nguvu kubwa hadi vinaungana, na kila vinne mwishowe vinakuwa kiini kimoja cha heliamu. Katika kuungana huko uzito kidogo unapotea na kugeuka nguvu, na nguvu hiyo ndiyo mwanga na joto tunalolipata. Kila sekunde jua linageuza takriban tani milioni 600 za hidrojeni kuwa heliamu, na tani milioni 4 hivi kati ya hizo zinakuwa nguvu.

Sasa angalia hesabu yake. Vilikuwa vinne, kimebaki kimoja. Fikiria turubai la harusi lililoinuliwa na watu wanne kwa mikono, kisha watatu wakaondoka. Turubai linashuka. Katika jua, chembe za kiini ndizo zinazosukuma kwenda nje na kuubeba uzito wote ulio juu yake. Zikipungua idadi, uzito unakishinda kiini kidogo, kinabanwa na kusinyaa. Gesi ikibanwa inapata joto zaidi, na joto likizidi, hidrojeni iliyobaki inaungana kwa kasi zaidi. Kwa hiyo mwanga unaongezeka wakati akiba inapungua.

Manesi tunakijua kitu kinachofanana na hicho. Kijana aliyeumia na anayepoteza damu ndani kwa ndani anaweza kukaa kitandani akizungumza vizuri, na kipimo cha shinikizo la damu kikaonyesha namba nzuri. Ukimshika mkono ndipo unagundua mapigo yanakwenda mbio na ngozi ni ya baridi. Mwili unafidia upungufu kwa kufanya kazi zaidi. Nesi mzoefu hatulizwi na namba moja nzuri. Jua nalo linafidia, ingawa tofauti ni kubwa: jua si mgonjwa. Huo ndio mwenendo wake wa kawaida tangu lilipozaliwa, miaka bilioni 4.6 iliyopita. Wakati huo mwanga wake ulikuwa kama asilimia 70 tu ya ule wa leo.

Nyota iliyotutangulia njiani

Hatuna haja ya kukisia uzee huo unavyokuwa. Iko nyota iliyo karibu nasi, kwa umbali wa nyota, ambayo imeshafika huko. Inaitwa Beta Hydri, na imo katika kundi la nyota la Hydrus, yaani nyoka wa majini, upande wa kusini kabisa wa anga. Iko umbali wa miaka ya nuru 24 hivi. Uzito wake unazidi ule wa jua letu kwa sehemu ndogo tu, na rangi yake inakaribia sana ya jua, kwa sababu joto la uso wake halitofautiani sana na la uso wa jua, ambalo ni nyuzi 5,500 hivi. Tofauti kubwa ni umri. Beta Hydri ina miaka kati ya bilioni 6 na 7, na hidrojeni ya kiini chake imefika ukingoni.

Sasa tazama hali yake. Haijafifia. Imevimba hadi upana wake umekuwa kama mara 1.8 ya upana wa jua, na inatoa mwanga mara tatu na nusu hivi ya ule wa jua letu. Tungeiweka mahali pa jua leo, dunia isingebaki na bahari. Ili upate joto kama hili tulilozoea, ungelazimika kukaa umbali wa kilomita milioni 280 hivi kutoka kwake. Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua, na hata sayari ya Mirihi iko milioni 228. Kwa hiyo mahali pazuri pa kuishi pangekuwa mbali kuliko Mirihi.

Kwa hiyo mtoto akiuliza jua litakuwaje likizeeka, mwonyeshe dada mkubwa wa jua. Ni kama kumtazama shangazi na kujua uso wako utakavyokuwa ukifika umri wake.

Wanajuaje umri wa nyota?

Swali hili nalo litakuja, jiandae. Jibu lake lilinifurahisha kwa sababu ya kazi yangu: wanapima mapigo.

Uso wa nyota ya aina hii hautulii. Unapanda na kushuka kidogo sana, kwa sababu gesi inachemka chini yake na mawimbi ya sauti yanapita ndani ya nyota nzima. Jua letu hutetema kwa mizunguko ya dakika 5 hivi. Mwaka 2001 wanasayansi walitangaza kwamba wameyaona mapigo ya Beta Hydri, na mzunguko wake ni kama dakika 17. Kwa nini ni ya polepole zaidi? Mpiga ngoma yeyote atakujibu. Chapuo ni ndogo na sauti yake ni nyembamba. Vumi ni kubwa na sauti yake ni nzito. Nyota iliyovimba ni ngoma kubwa zaidi. Na kwa kuwa mawimbi hayo yanapita hadi kiini, wanasayansi wanaweza kukadiria ni kiasi gani cha hidrojeni kimekwisha kuwa heliamu, na hivyo kukadiria umri.

Lakini kabla ya kupima akiba, ilibidi mtu agundue kwanza kwamba akiba yenyewe ni hidrojeni. Binti zetu wasikie habari za Cecilia Payne. Alizaliwa Uingereza mwaka 1900, akasoma Cambridge wakati ambapo chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada kamili; kilianza kufanya hivyo mwaka 1948. Alipoona njia imefungwa kwao, mwaka 1923 alivuka bahari kwenda Harvard, Marekani. Mwaka 1925, katika tasnifu yake, hesabu zake zilionyesha kwamba nyota zimejaa hidrojeni kuliko kitu kingine chochote. Wakati huo wakubwa wa fani hiyo waliamini nyota zimeumbwa kwa mchanganyiko unaofanana na wa dunia. Mmoja wao, Henry Norris Russell, alimshauri asilisimamie jambo hilo, naye akaandika kwamba matokeo hayo huenda si ya kweli. Miaka minne baadaye, Russell mwenyewe alifika kwenye jibu lilelile kwa njia nyingine, akakiri kwamba binti yule alikuwa sahihi. Mwaka 1956 Payne akawa profesa kamili pale Harvard.

Wale tuliofika ugenini na vyeti vyetu mkononi, tukaambiwa tuanze upya, tunamwelewa bila kufafanuliwa.

Muda uliobaki, kwa kipimo cha nyumbani

Mtoto akiambiwa "miaka mingi sana", haimsaidii. Hata kuvumilia hadi Idi ijayo kwake ni miaka mingi. Mpe kipimo anachoweza kukishika. Mwambie tufanye kila mwaka uwe sekunde moja tu. Bibi mwenye miaka 70 ana sekunde 70, dakika moja na kidogo. Tangu Hijra ya Mtume hadi leo ni chini ya nusu saa. Tangu kuzaliwa kwa Nabii Isa ni kama dakika 34. Binadamu wa aina yetu wamekuwepo duniani kwa miaka 300,000 hivi, ambayo ni siku tatu na nusu. Sasa, miaka bilioni moja kwa kipimo hicho ni karibu miaka 32 mizima ya kuhesabu sekunde usiku na mchana bila kupumzika.

Ninataja bilioni moja kwa sababu. Vitabu vingi huandika kwamba jua limebakiwa na miaka bilioni 5, na ni kweli kwamba hidrojeni ya kiini itatosha kwa muda wa kiasi hicho. Lakini mwanga wake unaongezeka kwa takriban asilimia 10 kila miaka bilioni moja, na ongezeko hilo peke yake linatosha kuibadilisha dunia. Wanasayansi wengi wanakadiria kwamba baada ya miaka bilioni moja hivi bahari zitaanza kupotea kuwa mvuke, na mvuke wenyewe utazuia joto lisitoke, kama kifuniko kwenye sufuria. Yaani maisha ya dunia kama tunavyoijua yatafika mwisho jua likiwa bado na hidrojeni nyingi. Si baridi na giza vitakavyotangulia, ni joto.

Baada ya hapo jua litaendelea na safari yake. Hidrojeni ya kiini ikimalizika, muungano utahamia kwenye tabaka linalokizunguka kiini, na jua litavimba polepole hadi liwe jitu jekundu, pana kuliko leo zaidi ya mara 200, likizimeza sayari za Utaridi na Zuhura. Litaunguza heliamu kwa muda, kisha litaachia matabaka yake ya nje yasambae angani, na kitakachobaki ni kiini kizito, moto, chenye ukubwa wa dunia tu, kiitwacho kibete cheupe. Halitalipuka kama zile nyota za kwenye filamu. Milipuko ya namna hiyo ni ya nyota zenye uzito wa mara nane ya jua na kuendelea. Hili nalo mwambie mtoto, maana mara nyingi picha ya mlipuko ndiyo inayomtisha.

Jambo moja kwa wakubwa, kwa kuwa huwa naletewa ujumbe wa kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp ukidai kwamba joto la miaka hii linatokana na jua kuzeeka. Hapana. Kwa kasi niliyoitaja, uzee unaongeza mwanga wa jua kwa sehemu moja katika milioni mia kwa kila miaka 100. Hakuna ngozi itakayolihisi ongezeko hilo. Joto linalopanda sasa linatokana na gesi za mafuta, makaa ya mawe na gesi asilia tunazochoma. Hilo liko mikononi mwa binadamu, na tusimsingizie jua.

Na kwa wanaoniuliza kama mazungumzo haya yanagongana na imani: sidhani. Waislamu na Wakristo tumefundishwa tangu utotoni kwamba kila kilichoumbwa kina muda wake, na jua halikutolewa katika orodha hiyo. Mtoto anayelijua hilo kutoka madrasa au kanisani hatashangaa kulisikia darasani. Anachohitaji ni mzazi ambaye hanyamazi.

Mkienda likizo Desemba

Beta Hydri haionekani kutoka London. Haionekani Muscat, Dubai, Toronto wala Minneapolis. Iko kusini mno, haichomozi kabisa juu ya upeo wa macho huko. Suheli, nyota ya mabaharia wetu, wenzetu wa Oman wanaiona vizuri, na wazee wa huko wanajua ikianza kuonekana alfajiri mwishoni mwa Agosti, ukali wa joto unaelekea kupungua. Beta Hydri iko chini zaidi ya hapo. Lakini kutoka Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Bujumbura au Lubumbashi inaonekana kwa macho matupu.

Familia nyingi huenda nyumbani mwezi wa Desemba. Mkiwa pwani, katikati ya mwezi, saa mbili usiku, tokeni mahali pasipo taa kali na pasipo mbalamwezi, mtazame kusini. Nyosha mkono, kunja ngumi. Pima ngumi nne kutoka upeo wa macho kwenda juu: hapo kuna nyota moja nyeupe yenye mwanga mkali, inaitwa Achernar. Shuka kutoka hapo ngumi mbili, ukienda kulia kidogo. Kuna nyota moja ya mwanga wa wastani, peke yake, katika eneo ambalo halina nyota nyingi kali. Ndiyo hiyo. Msiichanganye na Suheli, ambayo saa hiyo itakuwa chini upande wa kushoto, kusini mashariki, nayo inang'aa mno.

Mchukueni na bibi, akiweza kutoka. Mwekeeni kiti uani, mumwambie mjukuu amwonyeshe. Mwanga mtakaouona usiku huo uliondoka kwenye nyota hiyo miaka 24 hivi iliyopita. Wako wasomaji wa safu hii waliopanda ndege kuondoka nyumbani mwaka huohuo. Mpeni mtoto nafasi amweleze bibi kila kitu kwa maneno yake: ile nyota ni mzee, akiba yake inakwisha, na inawaka kuliko jua letu. Akishaweza kumfundisha bibi, atakuwa ameshaelewa.

Mwezi ujao, tukijaaliwa, nitajibu maswali yenu kuhusu dawa za shinikizo la damu na safari ndefu za ndege, hasa kwa wazazi wanaokuja kututembelea. Endeleeni kuniandikia.